Kinasa filamu hunasa nini?

Neno hili, kinasa filamu, nimelikuta takriban katika kila ukurasa wa tafsiri niliyoletewa kutoka Bungoma niipitie. Mfasiri ni mwanafunzi wa uzamili. Matini chasili ni mwongozo wa Kiingereza wa mapema miaka ya tisini, unaoeleza jinsi ya kuyageuza mawasilisho ya kompyuta kuwa slaidi za filamu, zile za kupangwa kwenye sinia la projekta na kurushwa ukutani moja baada ya nyingine. Kwa jumla tafsiri ni safi. Sarufi haina doa, na mwenyewe ameepuka mtindo wa siku hizi wa kuliacha kila neno gumu katika Kiingereza na kulizungushia alama za mtajo. Lakini hili moja limenikwama kooni kama mwiba wa samaki, na kisa chake nadhani kinatuhusu wengi, wakiwemo walimu ambao hawajawahi kuiona mashine yenyewe na hawatawahi.

Tuijue basi. Kabla ya projekta za kuunganishwa moja kwa moja na kompyuta kuwa jambo la kawaida, mtu aliyeandaa wasilisho lake kwenye kompyuta alikuwa na taabu ya kulionyesha mbele ya ukumbi uliojaa watu. Programu ya PowerPoint ilipotoka mwaka 1987, ikiwa ya kompyuta za Macintosh tu, kazi yake kubwa ilikuwa kuchapa kurasa nyeusi na nyeupe za kuwekwa juu ya projekta ile ya mezani inayotumia plastiki angavu. Toleo la pili, la mwaka 1988, wakati ambapo kampuni iliyoibuni ilikuwa imekwisha kununuliwa na Microsoft, lilileta rangi na slaidi za milimita 35. Hapo ndipo ilipohitajika mashine ambayo Waingereza huiita film recorder.

Ni kisanduku. Ndani mna skrini ndogo ya bomba la miale, jamaa ya zile za runinga zetu za zamani, ila hii haina rangi na mchoro wake ni mwembamba mno. Mbele ya skrini kuna gurudumu lenye vioo vitatu: chekundu, cha kijani na cha buluu. Mbele ya gurudumu imefungwa kamera yenye filamu ya milimita 35. Kompyuta huituma picha, na skrini huichora mstari kwa mstari mara tatu, kila mara kupitia kioo kimoja, fremu ya filamu ikiwa imetulia palepale. Rangi tatu zikikutana juu ya filamu, picha imekamilika. Skrini ya kompyuta ya wakati huo, ile iliyoitwa VGA, ilikuwa na nukta 640 kwa upana. Mashine hizi zilifikia nukta 4,000, nyingine 8,000. Ndiyo maana herufi za slaidi zilitoka kali, hata zikitanuliwa zikajaa ukuta.

Roli ya picha 36 ilipoisha, filamu ilitolewa ikapelekwa kuoshwa. Haikuwa filamu ya negativu, ambayo cheupe huwa cheusi. Ilikuwa ile inayotoa picha iliyo sawa, rangi zikiwa jinsi zilivyo. Kila kipande kilikatwa, kikatiwa kwenye fremu ya sentimita tano kwa tano, kikapangwa kichwa chini juu miguu. Sinia la kawaida la projekta ya Kodak Carousel lilibeba slaidi 80. Bonyeza kitufe, klak, inaanguka moja. Bonyeza tena, klak, nyingine.

Sasa turudi kwenye neno. Kiswahili kina mtambo wake wa kuundia majina ya vifaa, nao ni wa zamani na unafanya kazi vizuri: unachukua kiambishi ki-, unakipachika kwenye kitenzi, kisha unataja kile kinachotendwa. Kinachopaza sauti ni kipaza sauti. Kinachopima joto ni kipima joto. Kinachozima moto ni kizima moto. Hata chai ya asubuhi, ashakum si vifaa, ni kifungua kinywa kwa sababu kinywa ndicho kinachofunguliwa. Kinasa sauti kimo katika ukoo huu huu, maana sauti ndiyo inayonaswa.

Kwa kanuni hiyo, kinasa filamu ni kitu kinachonasa filamu. Lakini filamu hainaswi! Filamu ndiyo inayonasa. Kinachonaswa ni picha. Tukisema kwa lugha ya shambani, filamu ni mtego na picha ni panya, na mfasiri wetu ametupa kifaa cha kuutega mtego. Mambo yanazidi kuharibika kwa kuwa filamu, kwa msomaji wa Kenya wa leo, kwanza kabisa ni ile sinema anayoitazama jioni. Nimejaribu neno hili kwa walimu watatu wa Kiswahili bila kuwaeleza lolote. Wawili waliniambia ni kamera ya kupigia sinema. Wa tatu alidhani ni kifaa cha wezi wa filamu za watu. Huyo wa tatu ndiye aliyeisoma sarufi ya neno sawasawa.

Kosa limetoka wapi? Kiingereza kinaweza kulitanguliza jina lolote mbele ya jina jingine na kumwachia msomaji kazi ya kukisia uhusiano uliopo. Mashine ya kunasa sauti ni sound recorder, na mashine ya kunasa juu ya filamu ni film recorder, wala hakuna anayeshtuka. Mtendwa na mahali vinavaa kanzu moja. Kiswahili hakikubali kanzu hiyo. Ukitaka kutaja chombo cha kutendea, kuna kauli ya kutendea: kalamu ya kuandikia, kisu cha kukatia, filamu ya kunasia picha. Silabi moja tu, -i-, na kila mtu amejua kazi yake.

Nilipomweleza hayo, mwanafunzi alinijibu kwa adabu, "Lakini mwalimu, istilahi si ni makubaliano tu? Mbona tarakilishi haimwelezi mtu chochote na tumeizoea?" Ni hoja nzuri na haistahili kupuuzwa. Tarakilishi kweli ni neno ambalo mtu hulimeza bila kulitafuna, sawa na slaidi yenyewe. Slaidi tuliipokea kwa sauti yake tu. Kiingereza kiliita hivyo kwa sababu ya kuteleza, sisi hatukuingiza utelezi wowote, tukaliweka pamoja na karatasi na kalamu: slaidi hii, slaidi hizi. Hakuna tatizo. Neno lisiloeleza kitu halimdanganyi mtu. Kinasa filamu linaeleza, na linaeleza uongo. Kati ya neno bubu na neno linalosema uongo, mimi nachagua bubu. Na hatuhitaji kufika huko, maana ipo njia nyepesi: printa ya filamu, au kichapishi cha filamu kwa wanaopenda. Kazi ya mashine hii ni ileile ya printa, tofauti ni kwamba badala ya karatasi inatumia filamu. Kiunganishi hiki cha -a hakidai kutaja mtendwa. Kinasema tu kwamba vitu viwili hivi vinahusiana, na msomaji haendi mbali.

Msomaji anaweza kuuliza, kwa nini kumsumbua mtu kwa mashine iliyokufa? Kodak iliacha kutengeneza projekta za slaidi mwaka 2004. Leo hata mwanafunzi wa shule ya upili ana simu inayoweza kurusha picha kwenye skrini. Nakubali. Ila ugonjwa uliozaa kinasa filamu haujafa. Upo katika tafsiri ile ile, kwenye sura inayotoa ushauri juu ya maneno ya kuandikwa ndani ya slaidi, na upo katika slaidi tunazowaonyesha watoto wetu kila muhula.

Mwongozo unamwagiza mwandalizi aweke wazo moja katika kila slaidi. Tafsiri inasema: "Uwekaji wa wazo moja katika kila slaidi." Mwongozo unamwambia aitoe filamu kisha aipeleke ikaoshwe. Tafsiri: "Utoaji wa filamu na uoshaji wake." Nani anaweka? Nani anatoa? Aoshe sasa au baadaye? Haijulikani. Amri zimegeuka vichwa vya habari. Nilipouliza kwa nini, niliambiwa kwamba ndivyo slaidi huandikwa, kwa ufupi, bila vitenzi.

Hapo ndipo ninapoona hatari. Nchini mwetu sentensi hiyo, kwamba ufupi ni kuondoa vitenzi, imekuwa kama amri ya kumi na moja.

Katika shule moja ya upili nje kidogo ya Kitale nilihudhuria kikao cha juma la lugha kilichohusu Siku Njema, riwaya ya Ken Walibora iliyotoka mwaka 1996. Uchaguzi wa kitabu ulinifurahisha. Marehemu Walibora alizaliwa Bungoma akakulia upande huu wa Kitale, na mhusika wake mkuu, Kongowea Mswahili, anasafiri kutoka Tanga hadi Kitale hii hii kumtafuta babake. Watoto waliokaa kwenye viti wangeweza kutoka nje ya lango na kuikanyaga njia ya riwaya. Riwaya gani nyingine ya Kiswahili inawapa hilo?

Tulionyeshwa slaidi 46 kwa muda wa kipindi kimoja. Ya kwanza: Utafutaji wa utambulisho. Ya pili: Umuhimu wa elimu. Ikafuata Ukiukaji wa haki za watoto, ikafuata Nafasi ya mwanamke katika jamii, ikafuata Matumizi ya mbinu rejeshi, na chini ya kila kichwa vitone vitano au sita vya aina ile ile. Zainabu Makame, mama yake Kongowea, mwimbaji wa taarabu ambaye mtu akishamsoma hamsahau, aliingia kwenye slaidi ya 9 kama "kielelezo cha usanii wa kike" na kutoka kwenye slaidi ya 10. Hakuimba, hakumzaa mtu, hakufa. Watoto walinakili mbio mbio, wengine wakipiga picha kwa macho tu kwa kuwa simu haziruhusiwi. Mwishoni msichana mmoja aliinua mkono akauliza, "Mwalimu, kwani babake alimpata?"

Mwalimu, ambaye kwa haki alikuwa amejitahidi sana, alianza kurudi nyuma slaidi moja moja akitafuta. Halikuwemo.

Kumlaumu mwalimu huyo hakutatusaidia. Amefuata mtindo uliomtangulia, na mtindo wenyewe una sababu zake, ila sababu hizo ni za Kiingereza. Tazama. Mwingereza akitaka kusema kwamba mtu fulani anamtafuta baba yake, anahitaji maneno sita: kiwakilishi, kitenzi kisaidizi, kitenzi kikuu, kihusishi, kimilikishi, jina. Kwenye slaidi ya filamu yenye upana wa milimita 36, ambapo herufi ndogo hazikusomeka nyuma ya ukumbi, maneno sita ni mzigo. Ana haki ya kukitupa kitenzi na kubaki na jina. Sisi je? Anamtafuta babake. Maneno mawili. Ndani ya neno la kwanza yupo anayetafuta, upo wakati, yupo anayetafutwa, na lipo tendo. Utafutaji wa utambulisho ni maneno matatu, na ndani yake hamna mtu hata mmoja. Tumeazima njia ya mkato ambayo kwetu ni njia ya mzunguko!

Hesabu hii unaweza kuirudia nyumbani. Ukiukaji wa haki za watoto: maneno matano. Wanamtesa: neno moja. Mtu atasema Wanamtesa hakutaji ni akina nani. Kweli, na hapo hapo mtoto atauliza, akina nani? Atakuwa ameanza kusoma. Kichwa kama Ukiukaji wa haki za watoto hakimfanyi mtu aulize kitu. Kimeshafunga mlango na kuweka kufuli.

Kuna jambo jingine ambalo slaidi ya filamu ilikuwa nalo na hii ya sasa haina, na hapa nazungumza bila kuililia filamu, maana nimeona slaidi za filamu za kuchosha kupindukia, maandishi ya manjano juu ya buluu, grafu ambayo hata aliyeichora hakuielewa. Lakini filamu ilikuwa na gharama na ilikuwa na mwisho. Kila slaidi ililipiwa: filamu, kuosha, fremu. Ukigundua kosa la tahajia baada ya filamu kuoshwa, ulilazimika kuipiga upya na kungoja. Mtu aliamua anataka kusema nini kabla ya kubonyeza kitufe. Leo slaidi ya 47 haigharimu chochote, kwa hiyo ipo, na ya 48 imenakiliwa kutoka kwa mwalimu wa kaunti jirani aliyeinakili kwa mwingine, pamoja na makosa yake yote. Kitone cha Umuhimu wa elimu nimekiona katika slaidi za vitabu vinne tofauti. Chenyewe hakijali kiko kwenye riwaya gani.

Na watoto hawa wanakwenda kwenye mtihani. Maswali ya fasihi yenyewe yameshikilia vitenzi: eleza, jadili, thibitisha, fafanua. Mtahiniwa anaulizwa kwa kitenzi naye anajibu kwa orodha ya majina, kisha tunashangaa kwa nini insha zake hazina damu. Hana habari kwamba kulikuwa na kisa. Ameonyeshwa mifupa, akaambiwa huyo ndiye ng'ombe.

Atakayesema kwamba vitenzi havifai kwa mambo ya kitaalamu namwomba ashuke mashambani. Trans Nzoia ni mojawapo ya sehemu za kwanza ambako wakulima waliijaribu mbinu ya kupambana na viwavi vya mahindi iliyobuniwa na kituo cha utafiti wa wadudu cha ICIPE pamoja na washirika wake. Katikati ya mistari ya mahindi hupandwa desmodiamu, ambayo harufu yake huwafukuza nondo wanaotaga mayai ya viwavi hao. Kandokando ya shamba hupandwa majani ya nepia, ambayo huwavutia huko nje. Desmodiamu vilevile hulizuia kiduha, lile gugu la maua ya zambarau linalonyonya mizizi ya mahindi na ambalo wakulima wa Bungoma wanalifahamu kuliko wanavyotaka. Ni elimu nzito, ina kemia ya harufu ndani yake. Jina lake? Sukuma-vuta, au vuta-sukuma, kutegemea unaongea na nani. Vitenzi viwili. Mkulima akishasikia jina amekwisha kupata nusu ya somo. Fikiria kama wangeiita Usukumaji na Uvutaji wa Wadudu Waharibifu. Ingebaki Nairobi.

Sisemi majina yatupwe. Ramani inahitaji jina, jedwali la mvua linahitaji jina, na kichwa cha sura kama Malezi au Ndoa kinajitosheleza, kwa kuwa haya ni majina yaliyokomaa na yana watu ndani yake. Ninayoyalalamikia ni haya ya kukamuliwa, u- mbele na -aji nyuma, yanayoundwa ili slaidi ifanane na ya Kiingereza.

Kwa ruhusa ya mwalimu wa Kitale nilizichukua slaidi zake 46 nikazijaribu. Zimebaki 12. Ya kwanza inasema: Zainabu anaimba. Ya pili: Kongowea anabaki peke yake. Ya tano ni ramani, Tanga upande wa kulia, Kitale upande wa kushoto juu, na mstari mwembamba kati yake, na chini yake: Anamtafuta babake. Mwalimu ameniuliza mbona mbinu za uandishi zimepewa slaidi mbili tu, na tumekubaliana ziwe tatu. Swali la yule msichana sikulitengea slaidi. Maktaba ya shule ina nakala tisa za kitabu.